Alfajiri ya Uongo juu ya Buhongwa: Historia ya Mwanga Hafifu wa Usiku na Upimaji wa Wakati katika Ukanda wa Mwanza

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya mwanga hafifu unaoonekana upande wa mashariki kabla ya mapambazuko. Wanafalaki wa leo wanaueleza kuwa ni nuru ya jua inayoakisiwa na vumbi lililo baina ya sayari. Fiqhi ya Kiislamu imeujua kwa karne nyingi kwa jina la alfajiri ya uongo. Hoja kuu ni kwamba mwanga huu uliingia katika lugha na sheria ya Waswahili ukiwa kipimo cha wakati, wala si kioja cha angani, na kwamba kuhama kwa kipimo hicho kutoka machoni mwa watu kwenda kwenye saa na jedwali kumeacha pengo linaloonekana Mwanza kuliko pwani. Eneo la mfano ni kata ya Buhongwa, Wilaya ya Nyamagana. Makala yanategemea maandiko ya fiqhi na ya falaki, kumbukumbu za misafara ya karne ya 19, na hesabu za mwendo wa jua kwa latitudo na longitudo ya Mwanza.

1.0 Utangulizi

Buhongwa ni kata iliyo kusini mwa kitovu cha Jiji la Mwanza, kando ya barabara kuu iendayo Shinyanga. Upande wa magharibi kuna ghuba ya Mwanza, ule mkono mrefu wa Ziwa Victoria unaoingia nchi kavu kuelekea kusini. Upande wa kaskazini kuna jiji lenyewe na taa zake. Mtu anayesimama hapo usiku usio na mwezi, mahali ambapo taa hazimwangazii usoni, akatazama mashariki kati ya saa 10:30 na saa 11:15 za usiku, anaweza kuona mwanga mweupe uliosimama wima juu ya upeo wa macho, mpana chini na mwembamba juu, mfano wa pia iliyopinduliwa. Mwanga huo hauna rangi ya jua. Haukui kwa haraka kama yanavyokua mapambazuko, wala hautandi kulia na kushoto. Baada ya muda alfajiri halisi hutanda chini yake na kuumeza.

Katika historia ya sayansi inayofundishwa vyuoni, mwanga huu huhesabiwa kuwa uligunduliwa Paris mwaka 1683. Hesabu hiyo ni ya upande mmoja. Zaidi ya miaka 1,000 kabla ya hapo mwanga huu ulikuwa tayari umetajwa, umeelezwa umbo lake na umewekewa hukumu, kwa kuwa uhalali wa sala ya alfajiri ulitegemea mtu kuutofautisha na mapambazuko ya kweli. Hukumu hiyo ilifika pwani ya Afrika Mashariki pamoja na vitabu vya madhehebu ya Shafii, na kutoka pwani ilipanda barabara za misafara hadi ziwani. Swali la makala haya ni hili: nini kilitokea kwa ujuzi huo ulipofika mahali ambapo mwanga wenyewe unaonekana vizuri zaidi kuliko karibu kila mahali ulipowahi kuandikwa, na kisha saa ya mezani ikachukua nafasi ya jicho?

Kuhusu istilahi: makala haya yanauita mwanga huu nuru ya buruji pale unapojadiliwa kama jambo la falaki, kwa sababu buruji ndilo neno la Kiswahili la makundi 12 ya nyota ambayo jua hupita mbele yake kwa mwaka, na mwanga huu hulala juu ya njia hiyohiyo. Pale unapojadiliwa kama jambo la sheria na wakati, utaitwa alfajiri ya uongo.

2.0 Mwanga wenyewe, na kwa nini Mwanza

Katika nafasi iliyo kati ya jua na sayari kumetapakaa vumbi. Chembe zake nyingi ni ndogo kuliko sehemu ya kumi ya milimita, na zimetengana mno, lakini kwa kuwa zimejaa katika eneo kubwa ajabu, nuru ya jua inayozigonga na kutawanyika inatosha kuonekana kwa macho matupu. Vumbi hilo halikusambaa sawasawa pande zote. Limelala karibu na bapa ambamo sayari huzunguka, na kwa hiyo mwangaza wake huonekana kama ukanda unaofuata buruji, mkali zaidi karibu na jua na hafifu kadiri unavyokwenda mbali. Mkabala kabisa na jua, usiku wa manane, kuna doa jingine hafifu zaidi la nuru ileile inayorudishwa nyuma na chembe zilizo nje ya njia ya dunia. Doa hilo linahitaji giza zito na jicho lililozoea. Halikupata kuwa na kazi yoyote katika upimaji wa wakati, na makala haya yanaliacha hapo.

Jambo lenye uzito kwa historia yetu ni pembe. Ukanda wa buruji ukikutana na upeo wa macho kwa pembe ndogo, mwanga hulala chini, ukamezwa na ukungu na vumbi la karibu na ardhi. Ukikutana nao kwa pembe kubwa, mwanga husimama na kuonekana. Pembe hiyo hubadilika kwa majira na kwa latitudo. Mwanza iko takriban nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta. Ukichukua mwinamo wa mhimili wa dunia, ambao ni nyuzi 23.4 hivi, hesabu inaonyesha kwamba Mwanza ukanda wa buruji haukutani na upeo wa macho kwa pembe iliyo chini ya nyuzi 64, siku yoyote ya mwaka, na kuna siku unasimama wima kabisa, nyuzi 90. Paris, iliyo karibu nyuzi 48.8 kaskazini, pembe hiyo hushuka hadi nyuzi 18 na haipandi kupita nyuzi 65 hivi. Kwa maneno mengine, siku bora kabisa ya mtazamaji wa Paris ni sawa na siku duni kabisa ya mtazamaji wa Buhongwa. Huyu wa Paris husubiri jioni za Machi au alfajiri za Septemba na Oktoba. Huyu wa Buhongwa husubiri tu mwezi uondoke na mawingu yapungue.

3.0 Jina lililotangulia nadharia

Aya ya 187 ya Sura ya Pili ya Kurani inaruhusu kula na kunywa katika usiku wa Ramadhani mpaka ubainike uzi mweupe kutoka kwa uzi mweusi wa alfajiri. Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim zinasimulia kuwa Adi bin Hatim aliielewa aya hiyo kwa dhahiri yake, akaweka nyuzi mbili, nyeupe na nyeusi, chini ya mto wake na kuzitazama usiku. Mtume akamfahamisha kwamba kinachokusudiwa ni weusi wa usiku na weupe wa mchana. Hadithi nyingine, zilizo muhimu zaidi kwa mada hii, zinatahadharisha watu wasidanganyike na adhana ya Bilal, iliyokuwa ikitolewa usiku bado ungalipo, wala na weupe unaosimama wima. Alfajiri inayohesabiwa ni ile inayotanda kwa upana. Katika baadhi ya mapokezi tofauti hiyo inaonyeshwa kwa ishara ya mkono: vidole juu, kisha vidole kwa mapana.

Wapokezi na wanazuoni waliofuata walikiita cha kwanza alfajiri ya uongo, na Waarabu wakakifananisha na mkia wa mbwa mwitu, kwa wembamba na kusimama kwake. Hukumu ni nyepesi kuitaja na ngumu kuitekeleza. Alfajiri ya uongo haiharamishi chakula cha daku na haihalalishi sala. Alfajiri ya kweli hufanya yote mawili. Anayejizuia kula mapema hajapoteza kitu ila usingizi na shibe. Anayesali mapema amesali kabla ya wakati, na sala hiyo haimhesabikii. Hapa ndipo ulipo uzito wa jambo zima, na ndiyo sababu wanazuoni walijishughulisha na mwanga ambao mkulima au baharia angeweza kuupuuza.

Al-Nawawi, mwanazuoni wa Sham aliyefariki mwaka 1277, aliandika katika Minhaj al-Talibin kwamba wakati wa sala ya alfajiri huingia kwa alfajiri ya kweli, akaifasili kuwa ni ile ambayo mwanga wake hutapakaa kwa upana kwenye upeo. Kitabu hicho ni nguzo ya fiqhi ya Kishafii, na ndiyo fiqhi iliyotawala kuanzia Lamu hadi Kilwa na Ngazija. Safinat al-Naja, kitabu kidogo cha wanaoanza kilichoandikwa na Salim bin Sumayr wa Hadhramaut katika karne ya 19, kinasema hivyohivyo kwa ufupi zaidi, na vijana wengi wa vyuo vya pwani wamekihifadhi. Tofauti ya alfajiri mbili basi haikuwa elimu ya wachache. Ilikuwa sehemu ya masomo ya awali.

Wanafalaki wa Kiislamu kwa upande wao waliigeuza hukumu kuwa namba. Al-Biruni, katika karne ya 11, aliueleza mwanga wa mkia wa mbwa mwitu na kuutenga na alfajiri inayotanda, akaliweka jua kwenye nyuzi 18 chini ya upeo wakati alfajiri ya kweli inapoanza. Wengine walitaja nyuzi 17, 19 au 20. Kiswahili kina bahati hapa ambayo Kiarabu hakina: uzi unaoshonea nguo na uzi unaopimia pembe ni neno moja. Kutoka uzi mweupe wa aya hadi nyuzi 18 za jedwali, lugha yetu imesafiri bila kubadili neno, ingawa kipimo kimebadilika kabisa.

Aya yenyewe iliwafikia wasomaji wa Kiswahili katika chapa kwa njia ambazo hazikutarajiwa. Tafsiri ya kwanza kamili ya Kurani kwa Kiswahili ilikuwa ya kasisi wa Kianglikana, Godfrey Dale, mwaka 1923. Ilifuata ya Jumuiya ya Ahmadiyya mwaka 1953, kisha ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy mwaka 1969. Hata hivyo itakuwa kosa kudhani kwamba watu walisubiri chapa. Darasa la msikitini lilitangulia vitabu hivyo vyote.

4.0 Ulaya na mwanga uleule

Joshua Childrey, Mwingereza, aliutaja mwanga huu katika kitabu chake cha mwaka 1661. Giovanni Domenico Cassini, aliyekuwa mkuu wa kituo cha kutazamia nyota cha Paris, aliuona mwezi Machi 1683, akaufuatilia kwa miaka, akapendekeza kwamba unatokana na maada iliyolizunguka jua. Nicolas Fatio de Duillier, kijana kutoka Geneva, alishirikiana naye katika utazamaji na kuiendeleza hoja ya chembe zinazoakisi nuru. Kwa miaka 200 iliyofuata hoja hiyo haikuthibitishwa. George Jones, kasisi wa jeshi la majini la Marekani, alichora mwanga huu usiku baada ya usiku kati ya 1853 na 1855 akiwa katika msafara wa Komodoo Perry kwenda Japani. Michoro yake ilichapishwa mwaka 1856, naye akahitimisha kuwa mwanga unatoka kwenye pete inayoizunguka dunia. Nadharia hiyo haikudumu. La kuzingatiwa ni alichokifanya baadaye: alikwenda Quito, karibu kabisa na ikweta, ili auone mwanga ukiwa umesimama. Alisafiri nusu ya dunia kutafuta pembe ambayo watu wa ziwani wanaipata bila kuondoka nyumbani.

Mwaka 1878 James Redhouse, bingwa wa lugha ya Kituruki, alichapisha katika jarida la Royal Asiatic Society makala ya kuonyesha kwamba watu wa Mashariki waliujua mwanga huu kwa jina la asubuhi ya uongo muda mrefu kabla ya Cassini. Miaka miwili baadaye akachapisha nyingine akiyafananisha mambo mawili hayo waziwazi. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, hoja ya Redhouse ilistahili nafasi kubwa kuliko iliyopata. Vitabu vya kufundishia viliendelea kuanzia 1683. Uthibitisho kwamba nuru hii ni ya jua ulikuja kwa spektra: mwaka 1909 Edward Fath alitoa picha iliyoonyesha mistari ileile ya giza iliyo katika nuru ya jua.

Asili ya vumbi bado inajadiliwa. Utafiti wa David Nesvorný na wenzake wa mwaka 2010 uliipa sehemu kubwa kwa vimondo vyenye mikia ambavyo njia zake hutawaliwa na Mshtarii. Mwaka 2021 watafiti waliotumia takwimu za chombo cha Juno walipendekeza kuwa sehemu yake inahusiana na Mirihi. Mwanamuziki Brian May, aliyeiacha tasnifu yake ya vumbi hili katika miaka ya 1970 ili apige gitaa katika bendi ya Queen, aliirudia na kuikamilisha Imperial College London mwaka 2007. Mwimbaji wa bendi hiyo, Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, katika mji ambao tofauti ya alfajiri mbili ilikuwa somo la watoto wa chuoni.

5.0 Kutoka pwani hadi ghuba

Barabara iliyoileta elimu hii Mwanza ilikuwa barabara ya biashara, kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, na kutoka hapo kaskazini hadi ziwani na Buganda. Tarehe 3 Agosti 1858 John Hanning Speke aliliona ziwa akiwa Mwanza, baada ya kumwacha Richard Burton mgonjwa Kaze, karibu na Tabora ya leo. Hakuwa peke yake. Alikuwa pamoja na Sidi Mubarak Bombay, mzaliwa wa nchi ya Wayao aliyekombolewa kutoka utumwani India, na baadhi ya askari wa Kibaluchi waliotolewa na Sultani wa Zanzibar. Stanley alipofika Kageyi, mashariki mwa Mwanza, tarehe 27 Februari 1875, alimkuta mfanyabiashara Sungoro akiunda jahazi kwa ajili ya ziwa. Historia imewaweka watu hawa katika sura ya uvumbuzi na ya biashara. Ni vema pia kuwaweka katika sura ya wakati: walikuwa watu waliolazimika kuijua alfajiri kwa macho, katika nchi ambayo hapakuwa na mwadhini wa mji wa kuwaamsha.

Msafara uliondoka kabla ya jua ili kuepuka joto. Kwa hiyo saa ya mwanga wa uongo ilikuwa saa ya kazi: kukunja mahema, kufunga mizigo, kuita majina. Anayeutazama upeo katika saa hiyo kila siku kwa miezi mitatu au minne hawezi kukosa kuuona. Aidha, kadiri msafara ulivyopanda kutoka Bagamoyo, iliyo karibu nyuzi 6.4 kusini, kwenda Mwanza, mwanga ulizidi kidogo kusimama, na hewa ya nyanda za juu, takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari pale ziwani, ilikuwa kavu na angavu zaidi wakati wa kiangazi kuliko hewa ya pwani. Kipimo cha hadithi, cha vidole juu na vidole kwa mapana, kinafaa zaidi Mwanza kuliko Istanbul, ambako mara nyingi mwanga huinama ubavu, na kuliko London, ambako kwa sehemu kubwa ya mwaka hauonekani.

Kuhesabu saa kwa Kiswahili kulitokana na hali hii ya ikweta. Saa moja ya asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana, na mchana unaanza jua likichomoza. Mpango huo unafanya kazi vizuri mahali ambapo urefu wa mchana haubadiliki sana, na Mwanza haubadiliki kwa zaidi ya dakika 20 hivi mwaka mzima. Lakini ulikuwa mpango wa jua la mahali husika. Kila mji ulikuwa na saa 12 yake.

Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na ratiba ya treni haiwezi kuwa na saa 12 ya kila kituo. Wakati wa serikali, wa stesheni, baadaye wa redio, ukawa mmoja kwa nchi nzima. Saa ya Afrika Mashariki tunayoitumia leo imejengwa juu ya longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita baharini, mbali na ardhi ya Tanzania. Mwanza iko karibu nyuzi 32.9. Tofauti hiyo ya nyuzi 12 ni dakika 48. Ndiyo maana jua la Mwanza huchomoza kwa wastani karibu saa 12:45 asubuhi, na mtu wa Buhongwa anayesema saa 12 asubuhi anazungumzia giza, ilhali maneno yake yalibuniwa kutaja jua.

6.0 Dakika ishirini na tano

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 39.3 mashariki. Kati yake na Mwanza kuna nyuzi 6.4 za longitudo, yaani dakika 25 hivi za mwendo wa jua. Kwa kuwa miji hii haiko kwenye latitudo moja, tofauti hiyo hupungua hadi dakika 18 hivi mwezi Juni na kuongezeka hadi dakika 33 hivi mwezi Desemba.

Tuchukue jedwali la sala lililokokotolewa kwa Dar es Salaam kwa kipimo cha nyuzi 18. Tuliweke mkononi mwa mtu wa Buhongwa, au tumpe adhana ya redio inayorushwa kutoka Dar es Salaam bila kusahihishwa. Wakati wa magharibi kosa litajulikana papo hapo: adhana inaita na jua bado liko juu ya ghuba, na hata mtoto atacheka. Wakati wa alfajiri hakuna wa kucheka. Jedwali linasema alfajiri imeingia. Jua la Buhongwa wakati huo bado liko kati ya nyuzi 22 na 25 chini ya upeo, na katika kina hicho hakuna mwanga wowote wa jua unaotoka kwenye hewa ya dunia. Kitu pekee kinachong'aa mashariki, kama anga ni safi, ni nuru ya buruji. Anayesali kwa jedwali hilo amesali katika alfajiri ya uongo kwa maana kamili ya neno, ileile ambayo wanafunzi wa Safina walifundishwa kuiepuka.

Mfano huu una thamani kwa historia kwa sababu unaonyesha mahali ambapo ujuzi wa zamani ulikuwa na kazi ambayo jedwali halikuirithi. Jedwali linabeba namba. Jicho lilibeba namna ya kuikagua namba. Mkaguzi akiondolewa, kosa la dakika 25 linaweza kukaa bila dalili, na kadiri jedwali linavyochapishwa vizuri ndivyo linavyoaminiwa.

Mjadala kuhusu namba yenyewe nao haujafungwa. Taasisi mbalimbali hutumia nyuzi 15, 18, 18.5 au 19.5. Karibu na ikweta kila uzi mmoja ni dakika nne na kidogo, kwa hiyo hitilafu kati ya kipimo cha chini na cha juu hapa Mwanza ni dakika 18 hadi 20, na muda wote kutoka nyuzi 18 hadi kuchomoza jua ni kati ya dakika 69 na 75 tu. Malaysia, nchi nyingine ya ikweta na ya Kishafii, iliacha nyuzi 20 na kuchukua 18 mwishoni mwa 2019, ikichelewesha adhana kwa dakika 8. Nchini Indonesia jumuiya ya Muhammadiyah ilifanya uamuzi kama huo Desemba 2020, huku wizara ya dini ikibaki na 20. Hoja iliyoibuliwa katika mijadala hiyo ni kwamba anayeweka jua chini mno huenda anahesabu nuru ya buruji kuwa ndiyo mwanzo wa mapambazuko. Hoja hiyo inaihusu Mwanza moja kwa moja, kwa sababu hapa nuru hiyo inasimama mwaka mzima na kishawishi cha kuichanganya kipo mwaka mzima.

7.0 Mji, ziwa na giza

Kwa sensa ya mwaka 2022 wilaya za Nyamagana na Ilemela zilikuwa na zaidi ya wakazi milioni 1. Buhongwa, iliyokuwa ukingo wa mji, imekuwa sehemu ya mji, na barabara ya Shinyanga ndiyo uti wake wa mgongo. Taa za barabarani, za vituo vya mafuta na za maduka yasiyofungwa usiku hutupa mwanga juu, nao hutawanywa na vumbi na mvuke wa hewa. Atlasi ya mwangaza bandia wa anga iliyotolewa na Fabio Falchi na wenzake mwaka 2016 ilikadiria kuwa zaidi ya asilimia 80 ya watu duniani wanaishi chini ya anga lililochafuliwa na taa. Nuru ya buruji ni miongoni mwa vitu vya mwanzo kupotea, kwa kuwa haina ukingo mkali. Jicho huiona kwa kuilinganisha na weusi wa pembeni, na weusi huo ukishakuwa kijivu hakuna cha kulinganisha.

Hali ya Buhongwa lakini haifanani na ya katikati ya jiji. Jiji liko kaskazini, na mwanga wa alfajiri huja kutoka mashariki. Jua huchomoza kati ya nyuzi 23.5 kaskazini na nyuzi 23.5 kusini mwa mashariki kamili, kwa hiyo mwezi Juni mwanga wa uongo unasogea kuelekea taa za jiji na mwezi Desemba unazikimbia. Desemba hata hivyo ni mvua. Mawingu ya Mwanza yanayojikusanya usiku juu ya ziwa huwa kikwazo kikubwa kuliko taa yoyote, na kiangazi cha Juni hadi Agosti ndicho chenye anga safi. Mtazamaji analazimika kuchagua kati ya taa na mawingu.

Kuna chanzo kingine cha mwanga kisichotajwa sana. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria huvua kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi nyingi ni taa za umeme wa betri na wa jua, kali zaidi na nyeupe zaidi. Kwa kuwa taa huvuta dagaa vizuri pasipokuwa na mbalamwezi, wavuvi hutoka siku za giza na kupumzika mwezi unapokuwa mpevu, na safu ya taa zao juu ya maji huonekana kutoka vilima vya matale kana kwamba ni mji mwingine. Kalenda yao na ya mtazamaji wa alfajiri ya uongo ni moja. Wavuvi wenyewe, wakiwa majini saa 10 na saa 11 usiku, ndio walio mahali pazuri kuutazama upeo, isipokuwa kwamba macho yao yameelekezwa kwenye taa iliyo mbele yao.

Upimaji wa alfajiri kwa ajili ya Mwanza, mfano wa ule uliofanywa Malaysia na Indonesia kwa vipima-mwanga vya bei nafuu, unawezekana bila maabara. Kinachohitajika ni usiku kadhaa usio na mwezi, upeo wa mashariki usiozuiwa na miamba, na saa iliyosahihishwa. Ncha za mashariki za visiwa vya Ukerewe na Ukara, ambako taa za miji ni chache, zinafaa kuliko Buhongwa, lakini vipimo vya Buhongwa vina umuhimu wake kwa kuwa ndiko waishiko watu wanaoutumia wakati huo. Tarehe za kuanzia ni zile za siku tatu kabla na siku tatu baada ya mwezi mwandamo wa Julai na wa Agosti. Mwambao wa ghuba uepukwe, kwa kuwa siku hizo ndizo taa za dagaa zinapokuwa nyingi kuliko siku zote.